Jinsi nilivyomtibu punda wangu uozo wa kwato

Punda wangu wa kubebea mchanga hapa Lamu alianza kuchechemea mguu wa mbele. Nilipouinua na kuchokonoa ukwato, likatoka tope jeusi lenye uvundo, limekwama kwenye mifereji ya pembeni mwa ile sehemu laini yenye umbo la V. Huo ni uozo wa kwato. Ukwato wa punda hunyonya maji kuliko wa farasi, maana asili yake ni nchi kavu. Akisimama kwenye mkojo na samadi, vijidudu visivyopenda hewa hustawi humo.

Daktari wa mifugo alikata sehemu zilizooza, akasawazisha kwa tupa. Jamani, kisu mwachieni fundi, kikizidi kidogo tu damu inatoka. Mimi kila jioni nilisugua kwa brashi, nikakausha kwa kitambaa, nikapaka ayodini. Kisha nikaliinua zizi kwa kifusi na kutandaza mchanga mkavu juu. Naamini ukavu huo ulimponya kuliko dawa.

Viatu vya chuma hahitaji, anatembea peku kama wenzake. Sasa anakanyaga sawasawa, na kwato hupunguzwa kila wiki 6 hadi 10.