Dodoso halina kisanduku cha "yote"

Kuna swali la dodoso linanikera mpaka leo: "Kati ya haya, lipi lilikuathiri zaidi?" Chini yake visanduku vinne: korona, kupanda kwa bei, mafuriko, kuhamishwa eneo la biashara. Weka tiki kimoja tu.

Nilimsomea mama lishe mmoja wa Kariakoo, saa saba mchana, mabenchi yamejaa. Mkono mmoja unapakua wali, mwingine umeshika kifuniko cha sufuria ya maharage. "Mwanangu, mbona hayo ni kitu kimoja?" Akanieleza huku anaendelea kupakua. Mwaka 2020 korona ilipoingia wateja walipotea, mtaji ukaliwa nyumbani kwake. Akakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ili arudi kazini. Oktoba 2021 machinga walipohamishwa, naye akatoka pale alipozoeleka, na marejesho hayakumsubiri. Alipopata kona nyingine mafuta ya kula yalikuwa hayashikiki, na mwaka 2022 petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita. Sahani hakuipandisha bei, maana wanaokula kwake ni makuli. Ukipandisha wanashindia muhogo. Mvua ilipoingia chumbani kwake Jangwani, ilikuta deni lile lile.

Tiki niweke wapi? Deni moja limepita kwenye majanga yote manne, na sisi watafiti kwenye ripoti tunamgawa mama huyu asilimia.

Maswali yetu mengi bado yanamtazama mfanyakazi mwenye mkataba na mwajiri anayejulikana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo imesimama hapo. Ni sheria muhimu, sitaki ibezwe. Ila kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kila jioni kwa mwenye pikipiki, bosi wake ni nani? Mwenye pikipiki hajiiti mwajiri, na kijana akivunjika mguu anajiuguza.

Mji huu umewahi kuona majanga yakibebana. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, bei za baada ya vita zikiwa zimeuacha mshahara nyuma sana. Mgomo ukafuata reli mpaka bara. Waliongezewa ujira, wakaunda chama chao. Mgomo wa 1950 ulipovunjwa, chama nacho kikafa. Wale walikutana getini kila asubuhi, wakajuana. Mama lishe na winga wa leo, yule anayewatafutia wenye maduka wateja, wanakutana wapi, na wamgomee nani?

Na sisi tunaohoji tuna mikataba ya miezi michache. Fedha za utafiti zinakimbilia janga jipya: jana korona, leo tabianchi. Mradi ukifungwa, hakuna anayerudi kwa mtu yule yule kumuuliza lile deni limefika wapi, wala kumsomea tulichokiandika juu yake. Hili linaniuma kuliko mkataba wangu. Watu wa Kariakoo wanatuambia usoni: mnakuja, mnaandika, mnapotea.

Katika andiko la mradi ninaloliandaa sasa nimefuta visanduku. Nauliza deni lilianza lini, limepitia wapi, nani analibeba leo. Nimeomba turudi kwa watu wale wale kila mwaka. Na nimeweka fungu la kumlipa anayehojiwa mauzo ya saa tunayomchukulia, kwa sababu saa saba mchana kwa mama lishe ndiyo mshahara wenyewe.