Siku moja ya kazi: kuchora bodi ya saketi, kuanzia mpangilio hadi kiwandani

Saa moja na nusu asubuhi

Ofisi yetu iko Kijitonyama, Dar es Salaam. Nikiwahi kabla ya simu kuanza kuita ndipo kazi ngumu hufanyika. Leo namaliza bodi ya kidhibiti cha chaji ya sola kwa pampu ndogo za maji vijijini: betri ya volti 12, mkondo wa hadi ampea 10, na moduli ya simu ya kutuma taarifa za kituo. Mchoro wa saketi umeshakaguliwa. Kilichobaki ni kuugeuza kuwa njia za shaba, yaani mistari inayobeba umeme kwenye bodi, na bodi nyingi huharibikia hapa.

Natumia KiCad, programu ya bure ya kuchora bodi iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa mwaka 1992. Mwanafunzi yeyote anaweza kufungua faili zangu bila kununua leseni, na hilo ni jambo kubwa kwangu.

Saa mbili

Sichori njia hata moja kwanza. Napanga vifaa tu, navisogeza, navizungusha, nafuta na kuanza tena. Swali ninaloliuliza kwa kila kifaa ni moja: mkondo wake utarudi kwa kupita wapi? Watu wengi huchora kwa makini njia ya kwenda, kisha marejeo wanaiachia graundi, yaani shaba ya volti sifuri ambayo mikondo yote hurudia, ijitegemee. Ndiyo maana viunganishi vya betri, paneli na pampu nimeviweka upande mmoja, vikikaribiana. Ampea 10 zikitoka betri kwenda kwenye pampu zinarudi hapo hapo, hazina sababu ya kupita karibu na maikrokontrola, chipu inayoendesha bodi.

Saa tatu

Upana wa njia. Kwa kanuni ya IPC-2221, kiwango cha kimataifa cha usanifu wa bodi, shaba ya kawaida ya mikroni 35, ikiwa juu ya bodi, inahitaji karibu milimita 7 kubeba ampea 10 bila kupanda zaidi ya nyuzi 10 juu ya joto linaloizunguka. Ampea 1 inatosheka na milimita 0.3. Ninaagiza shaba ya mikroni 70, ambayo hupunguza upana huo kwa nusu, ingawa bei inapanda na nafasi kati ya njia na njia lazima iongezwe. Wapo wanaoruhusu nyuzi 20 ili wabane nafasi. Kwa boksi litakalofungwa juani Dodoma, mimi sikubali.

Saa nne na nusu

Chai na chapati. Kijana wetu wa mafunzo ananijia na bodi yake, toleo dogo la kidhibiti hikihiki.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Inasemaje?"

"Pampu ikiwaka, kipimo cha betri kinaruka. Nimebadilisha programu, bado."

Naigeuza bodi. Upande wa chini, graundi imekatwa karibu ukingo hadi ukingo na njia moja ya kihisi joto iliyopitishwa kwa sababu juu palikuwa pamejaa. Mkondo wa pampu, badala ya kurudi moja kwa moja, unazunguka mkato ule na kubanwa kwenye kijia chembamba kilekile ambacho kipimo cha betri kinakitegemea kama sifuri yake.

Nikachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Kipande cha mraba cha shaba ya mikroni 35, kiwe kikubwa au kidogo, kina ukinzani wa karibu nusu miliohmu. Miraba miwili ni miliohmu 1. Ampea 10 zikipita hapo, sifuri inasogea milivolti 10. Volti za betri zinagawanywa kwa 5 kabla ya kupimwa, kwa hiyo programu ikizidisha tena kwa 5, kosa linarudi likiwa milivolti 50. Sasa, betri ya risasi ya volti 12 ikiwa imejaa na imetulia inasoma karibu 12.7, na ikifika nusu ni kama 12.2. Tofauti yote ni nusu volti! Sehemu yake moja ya kumi imeliwa na mkato wa njia moja ya kihisi.

"Kwa hiyo nitenganishe graundi mbili, ya nguvu na ya vipimo?"

Hapana, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayeanza. Acha graundi iwe tabaka moja zima, kisha panga vifaa ili mkondo mzito usiwe na haja ya kupita kwenye vipimo. Ukitenganisha, njia yoyote ya ishara inayovuka ufa inabaki bila marejeo chini yake, na kelele zinaanza. Amerudi mezani kwake kuhamisha kihisi.

Rezista ya kupimia mkondo ina somo hilohilo. Yangu ni ya miliohmu 5. Mraba mmoja tu wa shaba ya mikroni 35 ukiingia katika kipimo, umeongeza asilimia 10, na ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa hiyo njia mbili za kupimia zinaanzia ndani kabisa ya pedi za rezista (vipande vya shaba inapolehemewa), zikienda sambamba, na hazibebi mkondo mwingine wowote.

Saa sita

Moduli ya simu. Moduli nyingi za 2G huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi, chini ya milisekunde 0.6, kila baada ya milisekunde 4.6. Wastani ni mdogo, na wastani huo ndio unaodanganya. Katika shaba ya mikroni 35, njia ya upana wa milimita 0.3 na urefu wa sentimita 6 ni miraba 200 (urefu gawanya kwa upana), yaani miliohmu 100: volti 0.2 zinapotea kila moduli inapotuma. Moduli inazima, watu wanalaumu mtandao. Yangu nimeipa njia pana na fupi, na kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi chaji, imekaa kwenye miguu yake ya umeme. Njia ya antena ina upana wa karibu milimita 3 ili ukinzani wake kwa mawimbi ya redio ufikie ohmu 50, kwa kuwa bodi ni ya tabaka mbili na unene wake ni milimita 1.6.

Saa saba ni wali maharage.

Saa nane

Nachapa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi na kuweka vifaa juu yake, kimoja kimoja. Kiunganishi cha betri kinagusana na kapasita. Kwenye skrini havikugusana, maana umbo la kiunganishi lilichorwa bila mdomo wa kuingizia waya.

Fundi wetu mkuu, mzee aliyeanza na redio za transista, anaitazama karatasi ileile.

"Mwanangu, hizi pedi za graundi umezizamisha kwenye shaba yote. Nitazilehemu na nini?"

Ana haki. Lehemu isiyo na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, wakati ile ya zamani ilihitaji 183, na tabaka zima la shaba linanyonya joto la kifaa chake. Kwa pedi ndogo naweka vijia vinne vyembamba vya kuziunganisha na graundi. Kwa kiunganishi cha ampea 10 vijia vyembamba haviwezekani, hivyo tumekubaliana vinne vipana, naye atapasha bodi kutoka chini kwanza. Ameomba pia sehemu za kugusisha mita kwenye kila volti. Nimeziongeza zote.

Saa kumi

Programu inakagua kanuni: hakuna kosa. Lakini inakagua mambo kama umbali na upana, haijui mkondo unarudi wapi, kwa hiyo nazima tabaka zote nabakiza graundi peke yake na kuifuata kwa macho. Kisha natoa faili za Gerber, yaani michoro ya kila tabaka kwa ajili ya kiwanda, na za matundu, nazifungua katika programu nyingine na kuhakikisha matundu yamekaa katikati ya pedi.

Kiwanda kiko Shenzhen, saa tano mbele yetu. Huko tayari ni usiku. Nawaandikia kila kitu ambacho wangeweza kuuliza: shaba mikroni 70 pande zote mbili, unene milimita 1.6, matundu ya skrubu yasiwe na shaba ndani, namba ya oda isichapwe chini ya antena. Natuma.