Ukikosa usingizi, punguza muda wa kitandani

Mtu aliyekesha wiki nzima hufikiria kufidia. Saa 3 usiku tayari yuko ndani ya chandarua. Anajigeuzageuza, anasikia pikipiki za mwisho zikipita mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, mbwa wanabweka, wananyamaza, na ikifika saa 12 asubuhi anaamka mwili unauma kama aliyebeba magunia. Kitandani amekaa masaa 9, usingizi alioupata hauzidi masaa 5 na nusu. Yale masaa 3 na nusu ya kulala macho ndiyo yanayolisha tatizo, kwa kuwa kila usiku yanaufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kubana muda wa kitandani. Mwanasaikolojia Richard Bootzin wa Marekani alieleza mwaka 1972 namna ya kukirudisha kitanda kwenye kazi yake ya usingizi, na mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake wakaonyesha namna ya kupunguza masaa ya kitandani kwa hesabu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilishauri tiba iliyojengwa juu ya njia hizi itangulie vidonge kwa mtu mzima ambaye tatizo limekuwa sugu, yaani usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3 na kuendelea.

Anza na daftari na kalamu. Kwa siku 7, bora 14, kila asubuhi andika saa uliyoingia kitandani, unadhani ulichukua dakika ngapi kulala, uliamka mara ngapi na kwa muda gani, saa uliyofumbua macho mara ya mwisho, na saa uliyotoka kitandani. Kadiria tu, usiangalie simu usiku ili upate dakika kamili, maana kuangalia saa kunaamsha akili na kuanzisha hesabu za "yamebaki masaa 3". Mwisho wa wiki tafuta wastani: masaa ya usingizi, gawanya kwa masaa ya kitandani, zidisha kwa 100. Huyo wa masaa 5 na nusu ndani ya 9 ana asilimia 61. Anayelala vizuri hufika 85 au zaidi.

Sasa panga saa ya kuamka kwanza, kisha urudi nyuma. Ukiamka saa 12 asubuhi na wastani wako ni masaa 5 na nusu, unaingia kitandani saa 6 na nusu usiku. Siyo saa 4, hata kama macho yamelegea. Usishuke chini ya masaa 5, hata kama daftari linasema unalala 4. Kaa hivyo wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Wiki ikiisha, piga hesabu upya. Ukiwa umefika asilimia 85 na zaidi, ongeza dakika 15, uingie saa 6 na robo. Ukiwa kati ya 80 na 85, baki hapo hapo. Chini ya 80, punguza dakika 15, ila ile sakafu ya masaa 5 usiivuke. Wengi huona mabadiliko ya kweli ndani ya wiki 4 hadi 8.

Wiki ya kwanza ni ngumu, na hapa ndipo wengi wanapoacha. Utasinzia mchana, utakuwa mkali kwa watoto, utaamini hali imezidi kuwa mbaya. Huo usingizi unaojilimbikiza ndio utakaokubeba usiku, kwa hiyo usiutumie saa 8 mchana kwenye mkeka. Dereva wa lori, bodaboda, fundi wa kupanda juu, mwenye kifafa, mjamzito, au mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha hisia asiianze njia hii bila kuongea na daktari. Wengine hukabwa na jinamizi siku hizo: akili imeamka, mwili haujafunguka, kifua kizito. Huja zaidi kwa mtu mwenye deni la usingizi na anayelala chali. Lala kiubavu, na ujue jinamizi hupita lenyewe baada ya muda mfupi.

Ukihisi kama dakika 20 zimepita bila hata lepe la usingizi, toka kitandani. Kwenye nyumba ya chumba kimoja hili lina kazi yake. Andaa mapema kiti au kigoda upande wa pili wa chumba, taa ndogo iliyoelekezwa ukutani, shuka la kujifunika miguu. Ukitoka, chomeka chandarua tena chini ya godoro, maana wenzako bado wamelala na mkoa huu una malaria nyingi. Usiende kukaa uani. Fanya kitu cha polepole: chambua maharage, shona kifungo, soma kitabu unachokijua. Simu hapana. Rudi kope zikiwa nzito, na kama usingizi haujaja, toka tena. Usiku wa kwanza unaweza kutoka mara 4 au 5. Kosa linalorudiwa sana ni kujilaza kwenye mkeka na kusinzia hapo hapo. Basi mwili unajifunza mkeka, kitanda kinabaki adui.

Kigoma ina jambo lake kuhusu jua, na watu hawalizingatii. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi kabisa ya nchi, hivyo jua linachomoza hapa kama dakika 40 baadaye na linafika utosini karibu saa 7 mchana. Ukiamka saa 12 bado ni giza. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, kwa hiyo kuwasha taa ya chumbani hakutoshi. Ikikaribia saa 1 na kukiwa kumepambazuka, toka nje dakika 30: fagia uwanja, chota maji, tembea. Anayeamka kwa swala ya alfajiri kisha anarudi kulala mpaka saa 2 anaikosa nafasi hiyo, na usingizi wa usiku unaofuata unachelewa kuja. Baada ya swala, baki macho.

Kahawa nayo. Kikombe cha barazani ni kidogo ila ni kikali, na hakiwi kimoja. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kama masaa 5 baadaye, kwa wengine zaidi. Ulichokunywa saa 12 jioni, saa 5 usiku nusu yake bado inafanya kazi. Acha baada ya saa 8 mchana, pamoja na chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu. Ukizoea vikombe 6 usikate ghafla, kichwa kitauma. Punguza kimoja kila siku 2 au 3. Pombe hulaza haraka, kisha huamsha saa 8 usiku na kuuvunjavunja usingizi uliobaki.

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga wanahitaji mpango mwingine, kwani wao hufuata mwezi: giza likiwa nene wako ziwani na taa, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Siku za kazi, toka mwaloni mapema, vaa kofia pana njiani, ulale kabla bati halijapata moto, tuseme saa 2 na nusu hadi saa 7 na nusu. Dirisha lizibwe kwa kitambaa kizito mikunjo miwili, na nyumba ijulishwe kwamba huo ni usiku wako. Siku ya kwanza ya mapumziko usilale mchana kutwa. Lala asubuhi kwa muda wa saa moja na nusu hadi masaa 2 tu, kisha vumilia mpaka usiku. Kina mama wanaopokea dagaa saa 11 alfajiri wahesabu kurudi nyuma kutoka saa hiyo, na kuamka kwao kusibadilike hata siku ya kutoanika.

Kuhusu vidonge, tafadhali. Piritoni ni dawa ya mzio. Kulaza kwake hupungua baada ya siku chache, uchovu wa kesho yake unabaki, na mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kukojoa. Valiamu, dawa ya kutuliza, hukaa mwilini siku nyingi. Ukiwa umeitumia kwa wiki kadhaa usiikate ghafla, degedege linaweza kutokea. Hospitali watakupunguzia hatua kwa hatua. Angalia pia dawa zako za kawaida. Prednisoloni na dawa za kuongeza mkojo zinazomezwa jioni huamsha watu, na dolutegravir iliyomo kwenye ARV za sasa huwanyima baadhi usingizi. Usiache hata moja. Muulize mhudumu wa kliniki kama inaweza kuhamia asubuhi.

Kuna ukosefu wa usingizi ambao daftari haliutibu. Anayekoroma na kusimama pumzi, anayeamka saa 10 alfajiri kila siku bila hamu ya chochote kwa wiki 2, mwenye mawazo ya kujidhuru: hawa waende hospitali, na huyu wa mwisho aende leo, asiachwe peke yake. Tena kama mtu amekuwa porini upande wa Uvinza, Kasulu au Kibondo, kulina asali, kuchunga au kukata mbao, akaumwa na mbung'o, kisha akapata homa zinazokuja na kuondoka, kichwa, akasinzia mchana na kukesha usiku, aseme wazi neno malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na aombe damu ipimwe. Aina ya ugonjwa iliyoko huku huenda haraka, wiki au miezi michache, na kipimo cha malaria kikitoka safi hakijamaliza uchunguzi. Aende na daftari lake, na pakiti za dawa zote anazotumia ziwe mfukoni.