Windows 11 iligoma kwenye Core i5-8400: jinsi nilivyotatua

Kompyuta ya mezani, RAM GB 8, lakini ukaguzi wa kuhamia Windows 11 ulishikilia kuwa TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri) haipo. Kusasisha Windows 10 na draiva hakukusaidia kitu. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika tpm.msc, dirisha la kuangalia TPM: haionekani.

Usikimbilie kununua chipu. Mashine yenye prosesa hii inayo TPM ndani kwa ndani, imezimwa tu. Niliizima na kuiwasha mashine, nikaingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kwa F2 (kwingine ni Delete). Humo hakuna palipoandikwa TPM. Tafuta Intel PTT, ndilo jina la TPM hiyo ya ndani, na kwenye prosesa za AMD ni fTPM. Nikaiweka Enabled (imewashwa), nikahifadhi kwa F10. Ukaguzi ukapita.

Mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) anakili kwanza ufunguo wake wa kuifungulia, kabla ya kugusa BIOS.