Nilivyoingia kwenye utafiti wa watumiaji nikiwa Kisumu

Utafiti wa watumiaji ni kuchunguza jinsi watu wanavyoitumia programu na wanakwama wapi, na mlango nilioingilia ni uhojaji wa nyanjani. Mashirika ya utafiti wa afya hapa Kisumu huajiri wahojaji, na kazi hiyo hukufundisha kuomba ridhaa, kuuliza bila kumtilia mtu jibu mdomoni, na kuandika alichosema badala ya ulichotarajia. Aliyetoka huduma kwa wateja au ualimu naye anao ujuzi huo kwa sehemu kubwa. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba unaweza kusaidia watu kuamua jambo kuhusu programu, na huo inabidi uutengeneze mwenyewe kabla hujaajiriwa.

Chukua programu ya simu ambayo watu tayari wanaitumia. Chagua shughuli moja, mfano kulipia stima, na watu watano wa kundi moja, uwatazame wakiifanya. Hao watano wanatokana na hesabu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliyeandika mwaka 2000 kwamba wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Hesabu yenyewe huchukulia kwamba kila mmoja hukutana na asilimia 31 ya matatizo hayo. Ukichanganya wachuuzi wa soko la Kibuye na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, hesabu haishiki tena. Kila kundi lipate watu wake.

Maelekezo yasitaje neno lililo kwenye kitufe. Ukisema "lipa bili" na kitufe kimeandikwa Lipa Bili, mshiriki atasaka maneno hayo tu na wewe hutajifunza kitu. Mwambie: "Tokeni za stima zimeisha na ni usiku, utafanyaje?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo wanaoanza huharibu kikao, kwa maana mtu akikwama wanamsaidia, na pale alipokwama ndipo penye utafiti. Usiulize "Umeelewa, mama?" kwani kwa heshima atasema ndiyo. Uliza: "Ukibonyeza hapo, unadhani kutatokea nini?" Akinung'unika kwa Kijaluo, andika maneno yake yalivyo, kutafsiri ni baadaye.

Mfuate mshiriki anapofanyia kazi, na atumie simu yake. Kibandani, jua likiwaka na mwangaza wa skrini umepunguzwa ili chaji ifike jioni, maandishi ya kijivu kwenye nyeupe hayasomeki kabisa. Ofisini kasoro hiyo hutaiona kamwe. Soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kabla ya kurekodi yeyote, zima kamera anapoingiza PIN, na ufiche namba za simu na salio. Kredo ya shukrani itaje mwanzoni, na aipate hata akiiponda programu.

Dodoso la SUS (System Usability Scale) la John Brooke, linalopima watu wanavyoona urahisi wa kutumia programu, lifahamu, maana kwenye usaili huulizwa: kauli 10, alama 0 hadi 100 ambazo si asilimia, wastani unaotajwa sana ukiwa 68. Kwa watu watano alama hiyo huyumba mno, kwa hiyo usiijengee hitimisho.

Tafiti mbili zilizoandikwa vizuri zinatosha kuombea kazi. Kila moja ianze na uamuzi uliokuwa ukisubiri jibu, ionyeshe tatizo moja kwa picha ya skrini na maneno ya mshiriki, na iseme wazi ni nani hukuwahoji. Nafasi zenyewe nyingi hutangazwa Nairobi, na mara nyingi hazina neno "mtafiti". Tafuta pia chini ya usanifu, usimamizi wa bidhaa, na ufuatiliaji na tathmini, kisha usome majukumu kabla ya kuipita nafasi.