Picha ya mwisho

Jana usiku nimerudia "Judgment Day", katuni ya kurasa chache iliyochapwa Marekani mwaka 1953. Mwanaanga anakagua sayari ya maroboti. Wa rangi ya chungwa wanaishi vizuri. Wa buluu wamesukumwa upande duni wa mji, ilhali ndani wameundwa sawasawa. Anawaambia bado hawajastahili kujiunga na jamhuri ya nyota. Muda wote kavaa helmeti, uso hatuuoni. Chomboni anaivua: ni mtu mweusi, matone ya jasho yakimetameta usoni kama nyota. Hapo nililaza simu kifuani, nikakaa kimya kitambo. Mwaka 1956 katuni ilipotaka kurudiwa, msimamizi wa maadili ya katuni aliagiza mwanaanga asiwe mweusi. Wachapishaji wakakataa katakata, wakaichapa vilevile.