Mtetemo Ulioanzia Kwenye 90

Mwishoni mwa mwaka 2021 niliifungia Premio yangu matairi manne mapya ya saizi 195/65R15, kwa sababu yale ya zamani yalikwishakuwa vipara, nami nilikuwa nikienda Morogoro kwa mama mara kwa mara. Mjini gari lilikwenda vizuri, tena kwa utulivu nisiouzoea. Nilipoipita Mlandizi, barabara ikawa nyeupe na mshale ukagusa 90, ndipo usukani ulipoanza kutetemeka mikononi. Kwenye 100 hata maji ya chupa iliyokuwa kando yangu yalikuwa yakicheza, na nilipojikaza hadi 115 mtetemo ukapungua. Nilipokanyaga breki haukuongezeka, na nilipoondoa mguu kwenye mafuta haukupoa.

Mambo hayo mawili ya mwisho niliyaweka akilini, kwa kuwa diski za breki zilizopinda hujitangaza wakati wa kushika breki, na jointi ya shafti iliyolika hulalamika zaidi gari linapovuta. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani tu, bila kujali mguu uko wapi, kwa kawaida hutoka kwenye kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu.

Dukani nilikofungiwa matairi nilijibiwa, "Dada, tairi jipya lazima kwanza lizoee barabara." Jibu hilo lina chembe ya ukweli, maana tairi lililobanwa muda mrefu stoo linaweza kuwa na bapa la muda ambalo huondoka likipata joto, lakini yangu yalikuwa yamepata joto la kutosha hadi Chalinze na bado yalitetemeka. Wakayarudisha kwenye mashine ya balansi, inayopima kama uzito wa gurudumu umegawanyika sawa, na mashine ikaonyesha sifuri pande zote. Kushuku balansi kulikuwa na mantiki: kwenye 100 gurudumu la saizi ile huzunguka takriban mara 14 kwa sekunde, na gramu 30 tu zilizozidi ukingoni mwa rimu huvuta kwa nguvu inayokaribia ya mzigo wa kilo nne na nusu, zikigeuza upande kila mzunguko. Lakini mashine iliposema sifuri, vijana wale wakahamia kwenye tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu usukani ukizungushwa, kisha shokapu, kisha alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Nilikataa yote. Alaimenti mbovu hulivuta gari pembeni na kula tairi upande mmoja; ni nadra sana kuutikisa usukani, na tairodi zangu hazikuwa na mchezo wowote gari lilipopigwa jeki mbele yangu.

Aliyelimaliza jambo hili ni fundi mmoja mzee wa Morogoro, karibu na Msamvu. Hakushika spana mpaka aliponiuliza kama mtetemo nausikia mikononi au kwenye kiti. Nilipomjibu, akahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, akakaza nati kwa kupishanisha kama nyota badala ya kufuatisha duara, akaniambia nikaijaribu barabara ya Dodoma. Usukani ulikuwa umetulia kabisa, na mtetemo sasa ulikuwa chini ya kiti. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na magurudumu. Tairodi na shokapu hazikuwa zimehama popote.

"Lakini Mzee, mashine ilisema balansi iko sawa," nilimwambia.

"Mwanangu, mashine ile inapima uzito. Haipimi mviringo."

Akapiga jeki nyuma, akapanga matofali, akalaza spana juu yake mpaka ncha ikakaribia kugusa uso wa tairi, kisha akalizungusha taratibu kwa mkono. Gurudumu la kulia lilipita kwa nafasi ileile mzunguko mzima. La kushoto lilipita, likapita, kisha likaisukuma spana. Aliposogeza spana hadi ukingo wa rimu, rimu haikuyumba hata kidogo, kwa hiyo haikuwa imepinda. Ndipo akanionyesha mstari mwembamba ambao kiwanda huuweka ubavuni mwa tairi, jirani na rimu: ulizunguka kwa umbali sawa, isipokuwa sehemu yenye urefu wa kiganja ambapo ulizama ndani ya rimu na kupotea. Ukingo wa tairi haukuwa umekaa mahali pake. Upande huohuo wa rimu ulikuwa umejazwa vipande vya risasi vilivyopangana, vile vizito vinavyobandikwa wakati wa kubalansi, na nikaelewa sifuri ya mashine ilikuwa imepatikana vipi.

Akatoa upepo wote, akausukuma ukingo uachane na rimu, akapaka maji ya sabuni pande zote mbili na kujaza upepo mpaka tukasikia mlio mkali wa tairi kujipachika. Hakuvuka PSI 40, kisha akapunguza hadi 32. Mstari sasa ulionekana mzunguko mzima. Risasi zote aliziondoa kabla ya kubalansi upya, na safari hii gurudumu lilihitaji gramu 15 tu.

Kulithibitisha hilo barabarani kulichukua muda kuliko matengenezo yenyewe, maana kati ya vibao vya 50, matuta na askari wenye tochi za kupima mwendo, mtu hapati urahisi wa kufika 100 kutoka Morogoro hadi Chalinze. Baada ya Mikese nilipata kipande kirefu kilichonyooka: 90, 100, 110, usukani umetulia na kiti kimetulia. Matairi yale yamekwisha na nimefunga mengine, lakini tairodi ambazo dukani walitaka nizibadilishe bado ziko kwenye gari.